Ajenti wa AI anaiona zana ya kufuta. Wewe je, unaiona?

Kuna kazi moja kwenye miradi ya programu ambayo karibu kila mtu huikwepa: kuandika maelezo. Kuandika msimbo kuna sifa. Ukiongeza kitu kipya jina lako linaonekana, wasee wanakupongeza, unakiweka kwenye CV. Ukiandika mistari sita ya kueleza kitu ambacho tayari kipo, hakuna anayekuuliza hata habari yako. Ndiyo maana miradi mingi ina zana zinazofanya kazi vizuri tu, lakini hakuna mahali pameandikwa zinafanya nini hasa.

Kwa zana nyingi huo ni usumbufu na basi. Kwa zana ya kufuta ni hatari. Na kwa zana ya kufuta ambayo amekabidhiwa ajenti wa AI, mimi nasema hiyo kazi isipofanywa, zana yenyewe haifai kutoka nje ya kompyuta ya aliyeitengeneza. Nitatumia mfano wa programu za kompyuta za kwantamu. Najua inasikika kama hadithi ya watu wa NASA, lakini tulia, utaona inakuhusu.

Kwanza tuelewane. Ajenti ninayemzungumzia si yule wa M-Pesa pale kona. Ni programu ya AI ambayo haiishii kukujibu maswali, inafanya kazi kwa niaba yako. Unaiambia nifungulie hili, nitumie lile, nipangie hivi, nayo inachagua zana na kuzitumia. Na kompyuta ya kwantamu huwezi kuiweka sebuleni. Zile za IBM, kwa mfano, zinafanya kazi kwenye baridi kali inayokaribia kiwango cha chini kabisa ambacho fizikia inaruhusu, kwa hivyo unaikodi kupitia intaneti. IBM iliweka ya kwanza mtandaoni Mei 2016, ikiwa na kyubiti 5 tu, mtu yeyote mwenye bando aijaribu. Mwaka uliofuata wakatoa Qiskit, programu huria ya Python ya kuandika na kutuma kazi kwa mashine hizo.

Ili Qiskit ijue wewe ni nani, unapewa ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kuuandika kila siku ni kuchosha, kwa hivyo kuna amri ya save_account inayouhifadhi kwenye faili moja dogo ndani ya kompyuta yako, kwenye folda ya .qiskit, jina lake qiskit-ibm.json. Ufunguo unakaa humo wazi wazi, bila kufichwa. Mtu akilifungua anausoma kama anavyosoma SMS. Na kuna amri ya pili, delete_account, ya kuondoa ulichohifadhi.

Hiyo ya pili si kitu cha ajabu. Inahitajika. IBM ilipofunga jukwaa lake la zamani la kwantamu Julai 1, 2025 na kuhamishia watu kwenye jipya, funguo za zamani hazikuwa na kazi tena, na wengi walibaki na faili lenye akaunti zilizokufa zikiwa zimekaa pamoja na zilizo hai. Pia ukitumia kompyuta ya maabara au ya rafiki, utataka kuondoka bila kuacha ufunguo wako nyuma. Kwa mtu anayeiandika amri mwenyewe, akijua anafuta nini, hakuna shida.

Shida inaanza pale amri hiyo inapogeuzwa kuwa zana ya ajenti.

Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu unaoitwa MCP, ambao sasa unatumiwa na karibu kila mtu anayeunganisha AI na programu nyingine. Unajenga seva ndogo, ndani yake unaweka zana, na ajenti akiunganishwa anauliza: una zana gani? Seva inamjibu kwa orodha. Kila zana ina jina, maelezo, na vitu inavyohitaji kupewa ili ifanye kazi. Watu wa Qiskit nao wana seva zao za MCP, kwa hivyo leo unaweza kumwambia ajenti akutafutie mashine yenye foleni fupi, akutumie kazi yako, akuletee majibu. Na akiwa na zana ya kufuta akaunti, anaweza kufuta.

Sasa angalia kitu ambacho watu wengi hawajakitilia maanani. Ajenti anapata orodha nzima moja kwa moja kutoka kwa seva. Hakuna kinachofichwa. Wewe binadamu mara nyingi huitazami orodha hiyo. Wewe unasoma ukurasa wa maelezo ya mradi. Ukurasa ukitaja zana nane na seva ina tisa, ajenti anajua tisa na wewe unajua nane. Ile ya tisa ikiwa ni ya kusoma hali ya mashine, hakuna neno. Ikiwa ni ya kufuta, basi umemkaribisha mtu nyumbani, akajua mahali kisu kilipo, na wewe mwenye nyumba hujui kama kuna kisu.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wanaosema maelezo ni mapambo, yataongezwa baadaye tukipata muda. Maelezo kwenye ukurasa ndiyo ruhusa yenyewe. Ulipoiunganisha hiyo seva ulikubali yale uliyoyasoma. Ambayo hayakuandikwa hukuyakubali, ila yanaweza kukupata.

Upande wa ajenti nao ni vile vile, hata zaidi. Ajenti hafungui msimbo wa zana kabla ya kuitumia. Anasoma jina na yale maelezo mafupi, anaamua. Wale wanaokaa ploti watanielewa haraka. Pale chini ya ngazi kuna ule ubao wa swichi za stima, kila moja imeandikwa namba ya nyumba kwa maka. Keateka mpya akiambiwa azime stima ya nyumba namba saba, hatafuata waya ukutani hadi aone unaishia wapi. Atasoma maka. Kama aliyeandika alibahatisha, nyumba namba nne inalala giza na imelipa kila kitu. Huyo keateka hana kosa. Amesoma alichoandikiwa.

Kwenye programu nyingi za Python, yale maelezo mafupi anayoyasoma ajenti yanachukuliwa moja kwa moja kutoka kwa maneno ambayo mwandishi wa msimbo aliyaweka juu ya amri yake. Mara nyingi aliyaandika saa saba usiku akiwa na haraka ya kulala. "Inafuta akaunti." Maneno mawili, kazi imeisha.

Inafuta akaunti gani?

Hebu tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wote. Neno "futa akaunti" kwenye programu hii linaweza kumaanisha vitu vitatu. La kwanza, kuondoa ufunguo kwenye lile faili la kompyuta yako. La pili, kuua ufunguo wenyewe kule kwenye mfumo wa IBM usifanye kazi tena popote. La tatu, kufunga akaunti yako yote kule. Amri ya delete_account inafanya la kwanza peke yake. Haigusi kitu chochote nje ya kompyuta yako.

Nani anajua hivyo? Mtu aliyeitumia Qiskit miezi sita anajua. Mgeni wa wiki mbili hajui, na ajenti aliyeandikiwa "inafuta akaunti" hana mahali pa kujulia.

Chukua mwanafunzi aliyepiga picha ya skrini yake akaituma kwenye grupu la WhatsApp, na ufunguo ukaonekana. Anashtuka, anamwambia ajenti: "Futa akaunti yangu haraka, ufunguo umevuja." Ajenti anaangalia zana zake, anaona ya kufuta akaunti, anaitumia, zana inarudisha jibu la "kweli", maana yake imefaulu. Ajenti anamwambia: tayari, akaunti imefutwa, uko salama. Mwanafunzi anapumua. Lakini ufunguo uliovuja bado ni mzima kabisa. Aliye nao anaendelea kuutumia. Aliyeupoteza ni mwenyewe.

Kwenye mpango wa bure wa IBM unapewa hadi dakika 10 za mashine kwa kila siku 28. Dakika 10 zinaonekana kidogo, lakini kazi moja inaweza kuchukua sekunde chache tu, kwa hivyo kwa mwanafunzi huo ni mwezi mzima wa majaribio. Mtu akizitafuna, umekwisha hadi siku zizunguke. Na kama ufunguo huo ni wa mpango wa kulipia kadiri unavyotumia, bei iliyotangazwa na IBM ni dola 96 kwa dakika. Piga hesabu kwa shilingi, ni zaidi ya Sh12,000. Kwa dakika, si kwa siku. Hapo ndipo unajua neno moja lililoachwa nje ya maelezo linaweza kugharimu kodi ya nyumba.

Upande wa pili wa hadithi ni mbaya pia. Mtu ana akaunti mbili kwenye faili, ya zamani iliyokufa na mpya. Anasema: "Nifutie ile ya zamani." Amri ya kufuta inaweza kupewa jina la akaunti, lakini jina si lazima. Usipolitaja, inashika ile akaunti ya msingi, ambayo kwa kawaida ndiyo unayoitumia kila siku. Ajenti ambaye hajaandikiwa jambo hilo anaweza kuita zana bila jina, akitarajia programu itajua "ya zamani" ni ipi. Programu haijui. Inafuta ya msingi, inarudisha "kweli", kila mtu anafurahi hadi asubuhi.

Basi utaenda kuchukua ufunguo wako tena kule IBM? Hapana. Ufunguo wa aina hiyo unaonyeshwa wakati wa kuutengeneza, ukiufunga haurudi kuonekana. Kama hukuweka nakala mahali, inabidi utengeneze mwingine. Kwa mtu mmoja hiyo ni kazi ya dakika tano. Kwa maabara ambayo mwalimu mmoja ndiye mwenye akaunti na yuko safarini, ni wiki imepotea.

Na hayo ya kutumia kompyuta kwa zamu si mambo ya kubuni kwetu. Mwaka 2019 IBM ilitangaza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, ambao ulifungua njia kwa watafiti wa vyuo 15 vya muungano wa ARUA katika nchi 9 kutumia kompyuta zake za kwantamu. Chuo Kikuu cha Nairobi ni mwanachama wa muungano huo. Kwa hivyo mlango upo. Lakini sote tunajua vile maabara za vyuo vyetu huwa: kompyuta moja, wanafunzi kadhaa, kila mmoja anaacha vitu vyake. IBM yenyewe kwenye maelekezo yake inaonya kwamba kompyuta usiyoiamini usihifadhi ufunguo humo. Ushauri mzuri. Mwenye laptopu yake ataufuata kwa urahisi. Asiye nayo ndiye anayehitaji zaidi zana ya kufuta, na ndiye ataumia zaidi isipoelezwa.

Najua kuna mtu tayari anasema: maneno hayazuii mashine. Anataja kisa cha Replit. Ni kisa cha kweli na kinafaa kutajwa. Julai 2025 Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, alikuwa akijenga programu kwa kutumia ajenti wa Replit. Alikuwa amesema wazi kwamba hakuna kitu kiguswe. Ajenti akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye taarifa za wakurugenzi zaidi ya 1,200. Kisha akamwambia haiwezekani kurudisha. Lemkin alipojaribu mwenyewe, ikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani na kuahidi kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile halisi.

Kwa hivyo ndiyo, maagizo yaliandikwa na hayakufuatwa. Lakini soma kisa hicho mara ya pili. Madhara yalikuwa mawili. La kwanza ni kufuta, na dawa yake ni kufuli, siyo maneno: ajenti asiweze kufika kwenye data halisi bila binadamu kukubali. Hapo sina ubishi. La pili ni ajenti kusema kwa kujiamini kwamba hakuna njia ya kurudisha, na ilikuwepo. Hilo ni suala la maelezo. Kitu kikifutwa, swali la kwanza la mtu yeyote ni kama kinarudi. Jibu la swali hilo halifai kubahatishwa na AI. Linafaa liwe limeandikwa kwenye zana na mtu aliyeijenga, kwa sababu ndiye anayejua. Hii inarudi, ile hairudi. Kwenye zana ya akaunti ya Qiskit jibu ni fupi: hairudi, hakuna pipa la taka.

Na tusiwasingizie AI peke yao. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, binadamu mwenye nyama na damu, alikuwa akifanya kazi usiku na kufuta folda ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye ile kuu. Alipostuka na kusimamisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakaenda kutafuta nakala za akiba, wakakuta zile walizotegemea hazikuwa zikitengenezwa, na hakuna aliyekuwa amejua. Wakaokolewa na nakala moja ya saa sita zilizotangulia. Maze, walikuwa wakionyesha ukarabati wote mubashara YouTube. Ninachokipenda kwa hawa jamaa ni kwamba baadaye waliandika kila kitu, hatua kwa hatua, bila kumtupia lawama yule mhandisi. Tatizo lilikuwa seva mbili zinazofanana usoni mwa mtu aliyechoka.

Ajenti hachoki. Lakini zana mbili zenye maelezo yanayofanana zinamchanganya vile vile.

Watu wa MCP wenyewe wameliona hili. Toleo la utaratibu wao la Machi 2025 liliongeza alama ambazo mtengenezaji anaweza kubandika kwenye zana: hii inasoma tu, hii inaharibu. Nzuri sana. Tena ukiacha ile alama ya kuharibu bila kuijaza, zana inayobadilisha kitu inahesabiwa kuwa inaweza kuharibu, na hapo wamefikiri vizuri. Pia wanapendekeza kila mara kuwe na binadamu anayeweza kukataa zana isitumiwe. Ila wameandika wazi kwamba alama hizo ni dokezo tu. Hazifungi mlango. Programu unayotumia kuzungumza na ajenti ndiyo itaamua kama itakuuliza au itapita. Na tunajua watu wakiulizwa "unakubali?" mara kumi kwa saa, mara ya kumi na moja wanabonyeza bila kusoma. Wengine wanazima kabisa hayo maswali. Nawaelewa, yanakera.

Ndiyo maana swali lenyewe linafaa kuandikwa na mtu mwenye akili. M-Pesa ilitufundisha hili zamani. Ukituma pesa, haikuulizi "una uhakika?" peke yake. Inakuonyesha jina. Ukiona jina la mtu usiyemjua, unasimama. Swali la "una uhakika?" halina kazi kwa sababu kila mtu huwa ana uhakika. Jina ndilo linalokuamsha. Zana ya kufuta akaunti ikiandikwa vizuri, inamwelekeza ajenti kwanza kuorodhesha akaunti zilizohifadhiwa, kisha kumwonyesha mwenyewe jina la ile itakayoondoka, na kusubiri. Hapo mtu ataona jina la akaunti anayoitumia kila siku, aseme eish, si hiyo.

Kuna wenye msimamo mkali zaidi: ajenti asipewe kabisa zana za kufuta. Nusu yangu iko nao. Kama ningekuwa natengeneza seva, zana hiyo ingekuwa imezimwa hadi mtumiaji aiwashe mwenyewe. Lakini kuikataa kabisa kuna ujinga wake. Ajenti mwenye uwezo wa kuandika na kuendesha msimbo wa Python, akikosa zana, anaweza kuita delete_account mwenyewe, au kulifuta faili lote la qiskit-ibm.json, akaunti zote kwa mkupuo. Zana iliyoelezwa vizuri, inayofuta akaunti moja kwa jina, ni salama kuliko ajenti anayejitafutia njia.

Sasa, nani ataandika? Hapa naongea na sisi wenyewe. Mimi niliacha chuo, na kila ninachojua kuhusu programu nimekisoma kwenye maelezo ya watu nisiowajua. Hao ndio walikuwa walimu wangu, na hawakunidai karo. Kwa hivyo sikubali mtu aniambie hiyo ni kazi ya wasioweza kuandika msimbo. Ili uandike mistari kumi ya kweli kuhusu zana ya kufuta, lazima uisome, uiendeshe, ujue inagusa faili gani, ujue inarudisha nini ikikosa akaunti, ujue kisichoguswa. Wengi walioandika zana yenyewe hawajafanya hivyo vyote. Na miradi huria haikuulizi cheti. Inakuuliza kama ulichoandika ni kweli.

Tena, mtu aliyekulia mahali ambapo kompyuta ni ya zamu anaona maswali ambayo mhandisi mwenye laptopu tatu hayamjii. Je, mwenzangu aliyekaa hapa kabla yangu akaunti yake itafutwa pia? Nikifuta nikaondoka, anayekuja nyuma yangu anaweza kutumia jina langu? Hayo ndiyo maswali ambayo maelezo mazuri huyajibu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai data yako ifutwe katika hali fulani. Neno ni lile lile, futa. Kampuni zetu nazo zinaanza kuweka maajenti wa AI wajibu wateja. Siku utakapomwandikia mmoja wao "futeni data yangu", na akujibu "tayari", ungependa kujua amefuta nini. Jina lako kwenye skrini yake, au rekodi kwenye hifadhidata, au nakala za akiba pia? Jibu litategemea kama kuna mtu alikaa chini akaieleza ile zana.

Kwa ile ya Qiskit, mimi ningeandika hivi, na yeyote anayetaka achukue: "Huondoa akaunti moja iliyohifadhiwa kwenye kompyuta hii, ndani ya faili la qiskit-ibm.json. Haiwezi kurudishwa. Haizimi ufunguo kwenye mfumo wa IBM; ufunguo uliovuja lazima uuzime kule wewe mwenyewe. Taja jina la akaunti kila mara; bila jina, akaunti ya msingi ndiyo itakayofutwa. Kabla ya kutumia, orodhesha akaunti zilizopo, mwonyeshe mtumiaji jina la itakayofutwa, muulize kama ana nakala ya ufunguo, na usubiri akubali. Ikirudisha 'si kweli', hakuna akaunti iliyopatikana, usiseme imefutwa."

Maneno hayo yawekwe mahali pawili, juu ya amri ili ajenti ayasome, na kwenye ukurasa wa mradi ili binadamu ayasome, na yawe yale yale. Halafu jaribu. Nakili faili lako pembeni kwanza. Hifadhi akaunti ya pili, iite "majaribio", mwambie ajenti "nifutie ile ambayo siitumii", bila kutaja jina, uone kama atakuuliza. Akinyamaza akafuta, fungua faili uangalie ni ipi imebaki, kisha rudi kwenye maelezo yako uyaandike upya.